MAISHA YA RASHID AL-DIN, TABIBU ALIYEANDIKA TARIKHI YA WATU WA MBUGA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake, makusudio ya karatasi hizi ni kueleza maisha ya mtu mmoja katika wakubwa wa Kiislamu ambaye jina lake ni nadra kutajwa katika baraza zetu. Mtu huyo ni Rashid al-Din Fadhlullah, mwenyeji wa mji wa Hamadan katika nchi ya Ajemi. Alikuwa tabibu, kisha akawa waziri wa wafalme watatu, mmoja baada ya mmoja. Na katika siku hizo hizo za uwaziri akaandika kitabu cha tarikhi ambacho hakikutanguliwa na mfano wake.

Kila Mwislamu aliyesoma amesikia khabari ya kuvunjwa Baghdad. Amesikia kuwa Wamongoli waliingia mji ule katika mwezi wa Safar mwaka 656 (Februari 1258), wakamwua Khalifa al-Musta'sim, na wakaua watu wasio idadi. Lakini ukimwuliza watu hao walikuwa nani, walitoka wapi, walikuwa na kabila gani, na ilikuwaje wajukuu wao wakaja wakasimama katika safu za sala, hana jawabu. Jawabu hilo ameliandika Rashid al-Din. Na ajabu ya maisha yake ni kuwa yeye aliyewaandikia watu wengine nasaba zao kwa uadilifu, aliuawa huku akitukanwa nasaba yake mwenyewe. Na mali yake yote ikaporwa, kikabaki kile alichokuwa amekitoa.

WATU WA MBUGA

Kaskazini ya Ajemi na Bara Hindi, tangu mipaka ya Uchina mpaka karibu na mto Danube katika Ulaya, pana ukanda mrefu wa mbuga za majani. Miti yake ni michache, mvua yake ni haba, na baridi yake ni kali mno. Nchi hiyo haikubali jembe ila kwa taabu, lakini hulisha farasi na kondoo. Kwa hivyo watu wake wa zamani hawakujenga nyumba za mawe. Walikaa katika mahema ya manyoya ya kondoo yaliyogandamizwa, wakihama na wanyama wao wakati wa kiangazi na wakati wa baridi. Mvulana wao alijifunza kupanda farasi na kutupa mishale tangu utotoni. Utajiri wao ulikuwa ni mifugo, na daftari lao lilikuwa ni kifua cha mzee: nasaba zao na vita vyao walivihifadhi kwa moyo, wakirithishana baba na mwana.

Hawakuwa taifa moja. Walikuwa kabila nyingi zenye uadui baina yao, wakiibiana farasi na wanawake, na kulipizana visasi. Mwaka 1206 mtu mmoja jina lake Temujin, aliyefiwa na baba yake angali mtoto na kuonja umasikini na ukimbizi, alizikusanya kabila hizo chini ya bendera moja, akaitwa Chingiz Khan. Mwaka 1219 akaigeukia nchi ya Khwarazm, na katika muda wa miaka michache Bukhara, Samarqand, Merv na Nishapur zikaharibiwa. Mjukuu wake Hulagu ndiye aliyekuja tena na jeshi, akazivunja ngome za Ismailiya mwaka 654 (1256), kisha akaivunja Baghdad. Watoto wa Hulagu wakakaa kuitawala Ajemi na Iraq, nao wengi wao hawakuwa Waislamu, na raia wao takriban wote walikuwa Waislamu.

KUZALIWA KWAKE NA KUSILIMU KWAKE

Rashid al-Din alizaliwa Hamadan kiasi cha mwaka 645 (1247). Wazee wake walikuwa Mayahudi, watu wa elimu ya dawa. Babu yake, Muwaffaq al-Dawla, alikuwa pamoja na hakimu mashuhuri Nasir al-Din Tusi katika ngome za Ismailiya zilipozingirwa na Hulagu. Na zilipofunguliwa wakatoka salama, kwani Wamongoli walikuwa wakiwaua askari na kuwaweka matabibu na wanajimu na mafundi. Basi kijana huyu alikua katika nyumba ambayo elimu ndiyo iliyowaokoa wenyewe na upanga. Hakulisahau hilo.

Alisoma utabibu kwa baba yake, akaingia katika utumishi wa Abaqa, mwana wa Hulagu, aliyetawala tangu 1265 hata 1282. Alipofikia umri wa miaka thalathini hivi akasilimu, akafuata madhehebu ya Imamu Shafii, nayo ndiyo madhehebu yetu sisi watu wa pwani. Wako waliosema, wakati ule na baadaye, kuwa alisilimu kwa kutaka cheo. Lakini tuangalie zama zake: mfalme siku zile hakuwa Mwislamu, na mahala pa mfalme walikuwako Mayahudi na Manasara na makuhani wa masanamu, wote wakipata vyeo. Tena Rashid al-Din alipita miaka ishirini baada ya hapo kabla hajawa waziri. Na yaliyomo moyoni ni ya Mwenyezi Mungu kuyajua; sisi tumeamrishwa kuhukumu kwa dhahiri.

KUSILIMU KWA MFALME NA KUPATA UWAZIRI

Watoto wa Hulagu waliendelea kutawala kwa upanga na israfu hata khazina ikawa tupu. Mwaka 693 (1294) mfalme Gaikhatu akataka kuwalazimisha watu wa Tabriz kupokea karatasi mahali pa dhahabu na fedha, kwa kuiga desturi ya Uchina. Wachuuzi wakafunga maduka, vyakula vikatoweka sokoni, na baada ya miezi miwili hivi amri ile ikaondolewa kwa aibu. Mwaka uliofuata Gaikhatu akauawa, na baada ya vita vya wao kwa wao akasimama Ghazan, mjukuu wa Abaqa.

Ghazan huyu ndiye aliyebadilisha mambo. Katika mwezi wa Shaaban mwaka 694 (Juni 1295), kwa nasaha ya amiri wake Nawruz, alitamka shahada mbele ya Sheikh Sadr al-Din Ibrahim, akajiita Mahmud, na majemadari wake wengi wakasilimu pamoja naye. Hazijapita miaka arubaini tangu babu wa baba yake kumwua Khalifa. Ndivyo Mwenyezi Mungu anavyoigeuza mioyo.

Mwaka 697 (1298) Ghazan alimwua waziri wake Sadr al-Din Zanjani kwa tuhuma ya khiyana, akaweka mawaziri wawili washirikiane: Saad al-Din wa Sava, na tabibu wake Rashid al-Din. Kazi waliyoikuta ilikuwa nzito. Wakulima walikuwa wakitozwa kodi ile ile mara nyingi katika mwaka mmoja. Katika vijiji vingi watu waliweka walinzi juu ya madari. Mtoza kodi akionekana kwa mbali, mlinzi hupiga ukelele, na kijiji chote hukimbilia mapangoni na michangani. Wajumbe wa mfalme na watumishi wao waliingia katika nyumba za watu bila ya ruhusa, wakakaa humo, hata wenyewe wakaziacha nyumba zao zibomoke ili zisitamaniwe.

Ghazan akaamrisha kila kijiji kiandikwe kodi yake, kiasi kinachojulikana na kwa wakati unaojulikana; na kiasi hicho kikachorwa juu ya ubao au jiwe au bamba la shaba, kikawekwa penye mlango wa kijiji au msikitini, kila mtu akione, pasiwe na mtoza kodi wa kuzidisha. Mizani na vipimo vikawa sawa katika nchi nzima, na sarafu ikatengenezwa. Madai ya ardhi yaliyokaa miaka thalathini bila ya kudaiwa yakafutwa, kwani watu walikuwa wakifufua hati kongwe ili kuwanyang'anya wenzao. Na Ghazan aliwaambia maamiri wake, ambao wangali na tabia ya kupora, kuwa wakimnyang'anya mkulima ng'ombe wake na mbegu zake mwaka huu, mwaka ujao watakula nini. Khabari za amri hizi twazipata kwa kalamu ya Rashid al-Din mwenyewe, na hapana shaka kuwa mkono wake ulikuwamo katika kuzitunga.

KITABU CHAKE

Kiasi cha mwaka 700 (1300) Ghazan alimwamrisha waziri wake aandike tarikhi ya Wamongoli. Sababu yake ni hii: Wamongoli walikuwa wamekaa mijini, wamesilimu, wanazungumza Kituruki na Kiajemi, na vijana wao wamekwisha kusahau majina ya babu zao. Ghazan mwenyewe alikuwa na ujuzi mkubwa wa nasaba, akahofu elimu ile isife pamoja na wazee.

Kazi hii ilikuwa na mlango uliofungwa. Wamongoli walikuwa na daftari lao la siri lililoitwa Daftari la Dhahabu, limehifadhiwa katika khazina ya mfalme, na hakuruhusiwa kulitazama ila wakubwa maalumu wa Kimongoli. Rashid al-Din alilifikia kwa msaada wa mzee mmoja jina lake Bolad, aliyekuja Ajemi mwaka 1285 kwa ujumbe wa Kublai, Khan mkubwa wa Uchina, asirudi tena. Bolad alikuwa bahari ya elimu ya watu wake. Waziri alikaa mbele yake kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, akiuliza na kuandika. Mfalme naye akasimulia aliyoyajua. Na husimuliwa kuwa Rashid al-Din, kwa wingi wa shughuli za ufalme, hakupata wakati wa kuandika ila baina ya sala ya alfajiri na kuchomoza jua.

Juzuu ya kwanza ilianza na kabila za mbuga, moja moja. Aliwataja kwanza Waoghuz, ambao katika wao walitoka masultani wa Saljuk. Kisha akazitaja kabila ambazo katika zama zake ziliitwa Wamongoli na hazikuwa hivyo asilani, kama vile Jalayir, Tatar na Oirat. Kisha zile zilizokuwa na wafalme wao wenyewe, kama Kerayit, ambao walikuwa Manasara, na Naiman, na Uyghur. Mwisho akawataja Wamongoli wenyewe, matumbo yao na milango yao. Katika kila kabila alieleza makazi yake, wakubwa wake, nani alimpigania Chingiz na nani alimpinga, na watoto wa kila mmoja wako wapi. Baada ya hapo akaandika maisha ya Chingiz Khan na watoto wake mpaka kufikia Ghazan.

Tutoe mfano mmoja wa elimu yake. Watu wengi siku zile waliwaita Wamongoli wote kwa jina la Watatari. Rashid al-Din alieleza kuwa Tatar ilikuwa kabila moja tu, nayo ilikuwa adui mkubwa wa Chingiz; wao ndio waliomtilia sumu baba yake. Lakini kwa kuwa zamani walikuwa na nguvu na jaha, kabila nyingine zilijinasibisha nao ili kupata heshima, hata jina lao likaenea kwa wasiokuwa wao. Kisha nguvu ilipowahamia Wamongoli, kabila zile zile zikajiita Wamongoli. Yaani jina hufuata dola kama kivuli kifuatavyo mtu. Ndugu msomaji, hii ni elimu ambayo wanatarikhi wengi waliomfuata hawakuizingatia, na katika nchi zote, si katika mbuga peke yake, watu hufanya hivyo hivyo.

Ghazan alifariki katika Shawwal mwaka 703 (Mei 1304), kijana wa miaka thelathini na mbili, kitabu kikiwa bado. Ndugu yake Oljaitu, aliyeitwa Muhammad Khudabanda, akasimama mahali pake. Alipoletewa kitabu akaamrisha kibakie kwa jina la ndugu yake, na hilo ni jambo la muruwa. Kisha akamtaka waziri aongeze juzuu nyingine ya mataifa yote ya duniani. Hapo ndipo kitabu kikaitwa Jami' al-Tawarikh, yaani Mkusanyo wa Tarikhi. Ndani yake zimo khabari za Mitume na Makhalifa, na wafalme wa Ajemi, na Waturuki, na Uchina, na Bara Hindi, na Mayahudi, na Wafaranja na mapapa wao. Khabari za Uchina alizipata kwa wanazuoni wawili wa Kichina, na za Bara Hindi kwa kuhani mmoja wa Kashmir aliyeitwa Kamalashri.

Na hapa ndipo penye uadilifu wake. Alisema katika dibaji kuwa mwanatarikhi hakuyaona kwa macho yake yote anayoyaandika; basi wajibu wake ni kueleza khabari za kila taifa kama wanavyozieleza wenyewe katika vitabu vyao na kwa ndimi za wakubwa wao, na dhima ni ya wasimulizi. Hakuwa akikubali itikadi zao. Yeye alikuwa Mwislamu, na vitabu vyake vya dini vinashuhudia. Lakini aliona kuwa kumwandikia mtu asilolisema ni dhulma, hata mtu huyo akiwa kafiri, hata akiwa ni mwana wa yule aliyeichoma Baghdad. Alieleza mauaji ya Wamongoli bila ya kuyaficha, na akaeleza mema yao bila ya kuyabania.

Si kwamba kitabu hakina aibu. Mwandishi wake alikuwa mtumishi wa wafalme, na sifa za mabwana zake zimezidi kipimo mahali pengi. Tena alikuwa na wasaidizi wengi, na mmoja wao, Abul-Qasim wa Kashan, alidai kuwa kazi ilikuwa yake na waziri akaichukua sifa na ujira. Jambo la hakika ni kuwa kitabu kikubwa namna hii hakiwi kazi ya mkono mmoja. Na kuwa asingalikuwako Rashid al-Din, kwa cheo chake na mali yake na hima yake, wale watu wa Uchina na Kashmir na mbuga wasingalikusanyika mahali pamoja.

WAKFU WAKE

Kwa uwaziri Rashid al-Din alipata mali nyingi mno, mashamba na mabustani katika kila upande wa Ajemi, na watoto wake wakapewa utawala wa majimbo. Wingi huu wa mali ndio uliomletea maadui. Lakini sehemu kubwa aliitoa wakfu. Ubavuni mwa Tabriz akajenga mtaa mzima ulioitwa Rab'i Rashidi. Humo mlikuwa na msikiti, madarasa ya kusomesha tafsiri na hadithi, hospitali yenye matabibu na dawa, zawia ya masufi, nyumba ya wageni, mahali pa kufundishia mayatima, na kaburi aliloliandaa kwa ajili yake. Watumwa pia walikuwa wameandikwa katika wakfu ule, kila mmoja na kazi yake, kama ilivyokuwa ada ya zama zile.

Hati ya wakfu iliandikwa mwaka 709 (1309), na sehemu yake ni kwa khati ya mkono wake. Ndani yake ameeleza kila kitu: mshahara wa imamu, chakula cha mgonjwa, taa ya usiku. Na lililo kubwa kwetu ni sharti lake juu ya vitabu. Aliamrisha kila mwaka wanakili waandike msahafu na kitabu cha hadithi, na tena waandike vitabu vyake mwenyewe, nakala moja kwa Kiarabu na moja kwa Kiajemi, juu ya karatasi nzuri, zisahihishwe kwa asili yake. Kisha zipelekwe katika miji ya Waislamu, ziwekwe mahali ambapo kila mwanafunzi ataweza kusoma. Hakuridhika kitabu chake kikae katika sanduku la mfalme kama lile Daftari la Dhahabu. Aliyeona kwa macho yake jinsi elimu iliyofungiwa inavyokaribia kufa, alijua dawa yake ni kuitawanya.

FITINA NA KUUAWA KWAKE

Zama za Oljaitu zilikuwa na fitina nyingi. Wanazuoni wa Kihanafi na wa Kishafii walishindana mbele ya mfalme, wakatukanana madhehebu kwa maneno machafu, hata maamiri wa Kimongoli waliosilimu jana wakanong'onezana kuwa waliacha sharia ya Chingiz kwa sababu gani, ikiwa dini hii watu wake ndio hawa. Jambo hili ni la kuzingatiwa na kila mwenye kupanda mimbari.

Mwaka 711 (1312) mshirika wake, Saad al-Din, aliuawa kwa amri ya mfalme. Mahali pake akasimama Taj al-Din Ali-Shah, aliyekuwa mfanya biashara wa nguo na vito, mwerevu, asiyependa mshirika. Hapo hapo ikazushwa barua ya uongo kwa herufi za Kiebrania, ili ionekane kuwa Rashid al-Din amemtuma Yahudi mmoja amtilie mfalme sumu. Uongo ule ukafichuka, akasalimika. Lakini uwaziri ukawa ugomvi wa kila siku, hata Oljaitu akaugawa mara mbili, kila mmoja na majimbo yake.

Katika Disemba 1316, mwaka 716, Oljaitu akafariki, na ufalme ukamfikia mwanawe Abu Said, mtoto wa miaka kiasi cha kumi na miwili. Ali-Shah akapata nafasi. Mwaka 717 (1317) Rashid al-Din akauzuliwa. Alikuwa mzee wa miaka sabini, na alitaka kukaa faraghani na vitabu vyake. Amiri mkubwa Chupan akamtaka arudi, kwani ufalme ulimhitaji. Na maadui waliposikia, wakafanya haraka. Wakarudia tuhuma ile ile ya zamani: kuwa Oljaitu hakufa kwa maradhi bali kwa sumu, na aliyempa ni Ibrahim, mwana wa Rashid al-Din, aliyekuwa mtumishi wa vinywaji vya mfalme, kwa amri ya baba yake. Matabibu wakahojiwa. Mzee akaeleza kuwa mfalme alipougua, yeye alikubaliana na rai ya kumpa dawa ya kuharisha. Na neno hilo la utabibu likageuzwa likawa ushahidi wa kuua.

Katika Jumada al-Ula mwaka 718 (Julai 1318) Ibrahim, kijana wa miaka kumi na sita, aliuawa mbele ya macho ya baba yake. Kisha mzee mwenyewe akakatwa kiwiliwili mapande mawili. Kichwa chake kikatembezwa Tabriz siku kadha, na wapigambiu wakinadi kuwa hiki ni kichwa cha Yahudi aliyelichezea jina la Mungu. Miaka arubaini ya Uislamu wake, misikiti aliyoijenga, misahafu aliyoinakilisha, yote hayakuhesabiwa kitu siku ile. Rab'i Rashidi ikaporwa. Na Ali-Shah akaendelea kuwa waziri hata akafa kitandani mwake mwaka 724 (1324), na wanatarikhi wanasema kuwa katika mawaziri wa wafalme hao yeye peke yake ndiye aliyekufa kifo cha Mungu.

YALIYOBAKI BAADA YAKE

Abu Said alipokua alijua kuwa alidanganywa, akamfanya waziri mwana wa marehemu, Ghiyath al-Din Muhammad, mtu mwema na mpenda elimu, naye akakifufua kile mtaa wa baba yake. Ibn Battuta, yule msafiri ambaye miaka michache baadaye alishukia Mombasa na Kilwa, alimwona Ghiyath al-Din pamoja na Abu Said katika chombo juu ya mto Dijla, penye Baghdad, mwaka 727 (1327). Lakini Abu Said akafa bila ya mwana, na mwaka 736 (1336) Ghiyath al-Din naye akauawa, na mtaa ule ukaporwa mara ya pili. Hata kaburi halikuachwa: yasimuliwa kuwa karibu na mwaka 1400 Miran Shah, mwana wa Timur, aliamrisha mifupa ya Rashid al-Din ifukuliwe na kuzikwa katika makaburi ya Mayahudi.

Basi yakaondoka mashamba, yakaondoka majengo, yakaondoka watoto na cheo, na Tabriz leo hupaona Rab'i Rashidi ila magofu. Lakini nakala zilikuwa zimekwisha kutoka. Katika karne ya kumi na tano Sultani Shahrukh wa Herat alipata nakala iliyopungua kurasa, akawaamrisha wanazuoni wake waikamilishe. Mwaka 1602, mbali sana katika mji wa Kasimov nchi ya Urusi, Qadir Ali, mtu wa kabila la Jalayir, aliifupisha juzuu ya watu wa mbuga kwa Kituruki. Yaani mwana wa kabila lile lile lililoandikwa na Rashid al-Din alizisoma nasaba za babu zake katika kitabu, akawasomesha wenzake. Nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Tabriz mwaka 714 (1314), katika uhai wa mwandishi, ingaliko, ingawa imegawanyika: sehemu yake iko katika chuo cha Edinburgh, na sehemu yake katika mkusanyo wa Khalili huko London. Nyingine za Kiajemi ziko Istanbul. Na hati ya wakfu imepona, na mwaka 2007 iliandikwa katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia. Leo mtu yeyote, katika nchi yoyote, akitaka kuandika tarikhi ya watu wa mbuga, hana budi kuanza na kitabu cha mzee huyu.

MAFUNZO

La kwanza ni uadilifu katika khabari. Rashid al-Din aliwaandika watu waliouvunja ukhalifa, na hakuwazulia wala hakuwapamba katika nasaba zao. Mwenye kuwajua watu kama walivyo huweza kuishi nao na kuwalingania. Na mwenye kuwajua kwa matusi tu hubaki na matusi yake.

La pili ni kuwa Uislamu hukata yaliyo kabla yake. Anayemtukana Mwislamu mwenzake kwa asili ya wazee wake, kuwa huyu ni mwana wa fulani, au kabila fulani, au kizazi cha mtumwa, anashika upanga ule ule uliomkata Rashid al-Din. Na mara nyingi mwenye kuushika hataki dini, ataka kiti.

La tatu ni la vitabu. Katika nyumba zetu za pwani mna masanduku yenye khati za wazee, nasaba na mashairi na fatwa, yamefungwa kwa kufuli na funguo ziko kwa mtu mmoja, na mchwa hawana haja ya funguo. Mwenye kitabu na anakili, na akisha kunakili na ampe mwenziwe, na ampelekee mwanafunzi wa mji mwingine. Waziri aliyemiliki mali nyingi mno hakubakiwa na kitu katika alivyovihifadhi. Alibakiwa na alivyovigawa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Rashid al-Din na mwanawe Ibrahim, amsamehe makosa yake, na atujaalie sisi na nyinyi katika wanaosema kweli hata juu ya nafsi zao. Amin.